Harufu ya Kumi na Saba

Kila Jumatatu asubuhi nilikuwa namlisha muuaji wa mama yangu supu ya nyama.

Sisemi kwa mafumbo. Mimi ni fundi wa maabara, na bakteria wa maabara hula supu: maji ya nyama ya ng'ombe na chumvi kidogo, yaliyochemshwa mpaka hakuna kilichobaki hai ndani yake. Unachukua kijiti chenye kitanzi nchani, unagusa supu ya wiki iliyopita, unachovya kwenye supu mpya, kisha unaifungia kwenye kabati la joto, ambalo ndani yake mna joto lilelile la mwili wa mtu. Kesho yake supu iliyokuwa safi imekuwa na ukungu. Wamekula, wamezaana, wameshiba. Paka wangu nyumbani hahudumiwi hivyo.

Kinyaa nimezaliwa nacho. Glasi iliyoguswa na mdomo wa mtu mwingine siinywei hata ioshwe mara tatu. Nikimsikia mtu anakohoa kohozi lililokomaa, chakula changu kimeishia hapo. Wenzangu kazini wananiita Pua, kwa sababu nikifungua kabati la joto naweza kukwambia, kabla ya hadubini, nani ameota humo ndani: huyu ananuka choo kilichokosa maji, yule ananuka panya aliyefia darini. Watu huniuliza mwenye kinyaa kama mimi anatafuta nini kwenye maabara ya vijidudu. Huwa nawajibu kuwa askari naye hawapendi wezi.

Mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Wakamfunga chuma, operesheni ikaenda vizuri, tukashukuru. Siku ya tisa bandeji ikatoka ya kijani. Kijani kweli, kama mtu aliyemwaga rangi. Na harufu. Ningependa kusema ilikuwa harufu mbaya ya kawaida, ya kidonda, lakini ilikuwa tamu. Tamu ya matunda yaliyofungiwa kwenye mfuko wa nailoni juani, yakavunda, yakaanza kutoa maji. Utamu ule ndio ulionishinda. Ulikuwa unaingia puani, unashuka kooni, unakaa. Nilikuwa nikitoka wodini naukuta kwenye nywele zangu, kwenye mate yangu.

Madaktari walijaribu antibiotiki saba. Bakteria yule alizipita zote saba. Nilikuwa naenda kumwona mama na leso ya mafuta ya karafuu, najidai nina mafua. Siku ya mwisho niliyomkuta ana fahamu, aliitazama ile leso, akaniambia, "Nisamehe mwanangu. Najua nanuka."

Nikamwambia, "Hapana mama, ni mafua tu." Nikakaa dakika tano, nikatoka, nikatapika kwenye ua la hospitali. Kisha nikaenda kazini. Alifariki siku mbili baadaye, mikononi mwa dada yangu mkubwa.

Kabla hajazikwa, hospitali ilimwomba dada ruhusa ya kutuma usaha wa kile kidonda kwenye maabara inayotafuta dawa mpya. Dada akatia sahihi. Maabara yenyewe ndiyo yetu. Vikaja vichupa viwili vya plastiki, vidogo kuliko kidole cha mwisho, havina jina, vina namba tu: 17. Lakini tarehe niliijua, na wodi niliijua. Nikaviweka kwenye friza kubwa, ile ya baridi ya kuchoma ngozi, ambako bakteria hulala miaka bila kubadilika. Sikumwambia mtu.

Sasa niieleze kazi yetu, maana bila hiyo hutaelewa nilichoharibu.

Tunabuni peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi. Chukulia ni uzi wa shanga, shanga zenyewe ni za aina ishirini, na uzi mmoja una shanga ishirini na kitu. Ukizipanga vizuri, uzi huo unajibandika kwenye ngozi ya bakteria, unaitoboa, na vya ndani vinamwagika nje. Uzi wetu wa kwanza ulitoka kwenye ute wa mgongo wa chura. Ndiyo, ute, ule unaonatanata. Mtaalamu wetu wa kompyuta, tunayemwita Mshona Shanga, ana picha ya huyo chura mezani kwake, anaitazama kama picha ya mchumba. Yeye hubadilisha shanga moja hapa, mbili pale, kompyuta inampa uzi mpya, uzi unatengenezwa, unaletwa kwangu kama unga mweupe kidogo sana. Mimi nauyeyusha, nautia kwenye supu yenye bakteria. Supu ikibaki safi, bakteria amekufa. Ikitia ukungu, ameshinda.

Na bakteria tuliyemtumia kama kipimo cha mwisho, mkorofi kuliko wote, alikuwa Kumi na Saba. Profesa, mama mtu mzima anayeiendesha maabara, ndiye aliyemchagua. "Uzi utakaomuua huyu," alisema, "ndio wenye maana." Nikasema sawa. Nilitaka kuwa mimi wa kumuua.

Kuna sheria moja ambayo kila fundi anaijua. Bakteria akihamishwa kutoka supu hadi supu mara tano, unamtupa, unarudi kwenye friza kuchukua mbegu mpya. Sababu ni rahisi: mle ndani ya supu hakuna adui, hakuna dawa, hakuna damu ya kupigana nayo. Anakula bure. Mwenye silaha nzito asipopigana huichoka silaha, huiweka chini. Wiki baada ya wiki analegea, mpaka siku moja una bakteria mwenye jina lilelile na namba ileile lakini si yule tena.

Kichupa cha kwanza nilikifungua, kikatumika chote. Wiki ya tano ilipofika nikaenda kwenye friza, nikakishika cha pili na glovu nene, nikakitazama. Tone moja la barafu la rangi ya maziwa. Nikafikiri: hiki ndicho kilichobaki cha mama duniani. Halafu nikafikiri: nikikifungua, harufu ile itarudi. Mawazo hayo mawili yalikuja pamoja, na sijui hata leo lipi lilikuwa na nguvu zaidi. Nikakirudisha. Nikachovya kitanzi kwenye supu ya zamani. Kwenye daftari la mbegu nikaandika: mbegu mpya kutoka friza.

Nikaandika hivyo kila baada ya wiki tano kwa mwaka na miezi miwili.

Kisha siku moja Mshona Shanga alileta uzi namba 204. Niliutia kwenye supu ya Kumi na Saba, na kabla ya saa moja kupita hakukuwa na bakteria hata mmoja. Nilirudia mara nne. Mshona Shanga alinikumbatia mbele za watu, na jasho lake lote, nikavumilia. Profesa akaitisha kikao cha Alhamisi saa nane mchana. Uzi mmoja tu ungechaguliwa kwenda mbele: kwenye vidonda vya panya kwanza, kisha, mambo yakienda vizuri, kwa wagonjwa ambao dawa zote zimewashinda. Nyuzi nyingine zingewekwa kando. Ile namba 188, kwa mfano, ambayo ilikuwa inaua Kumi na Saba pia lakini kwa uvivu, inachukua mchana na usiku mzima.

"Mia themanini na nane ni mzee wa ofisini," alisema Mshona Shanga. "Anafika kazini, ananing'iniza koti kwenye kiti, anatoka. Mia mbili na nne ndiye kijana wa kazi."

Tukacheka. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi hospitali ilituletea sampuli nyingine, kidonda cha mgonjwa mwingine, na mwenzangu wa zamu ya mwisho wa wiki alikuwa ameshaiotesha. Jumatatu asubuhi nikafungua kabati la joto nichukue supu zangu. Harufu ikanipiga usoni. Tamu, ya kuvunda, ileile. Sikufika chooni, nilitapikia kwenye sinki la kunawia mikono, glovu bado mkononi, na mhudumu wa usafi akasimama mlangoni akauliza kama anipongeze kwa ujauzito.

"Pongeza ukoo wako," nikamwambia.

Nikanawa. Nikarudi. Na hapo, mbele ya lile kabati lililo wazi, nikaziona sahani mbili za kuoteshea bakteria. Sahani ya mgonjwa mpya ilikuwa ya kijani. Pembeni yake sahani ya Kumi na Saba, jamaa yake wa damu kabisa, bakteria wa aina ileile, ilikuwa na madoa ya rangi ya uji. Nikainama, nikainusa, jambo ambalo limekatazwa. Haikuwa na harufu. Haikuwa na chochote. Ilikuwa inanuka supu.

Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho kabati lile lilinitia kichefuchefu. Miezi minane? Kumi? Mwanzoni nilikuwa nabana pumzi kila nikimhamisha Kumi na Saba. Baadaye sikubana tena. Nilijiambia nimezoea. Nilijiambia msiba umepoa, moyo umepona, na nikajisifu kimoyomoyo kuwa kumbe na mimi ni mtu mzima. Kumbe si mimi niliyepona. Ni yeye aliyelegea. Nilikuwa nimemfuga mpaka akawa paka, na uzi wa 204 ulikuwa umeua paka, na Alhamisi tulikuwa tunakwenda kuutangaza kuwa umeua chui.

Nilijisikia kinyaa, na safari hii hakikuwa cha kohozi wala usaha. Nilijitazama mikono yangu ndani ya zile glovu, mikono iliyoandika "mbegu mpya" mara kumi na mbili kwa mwandiko mzuri, nikatamani niivue pamoja na glovu.

Jioni nikaenda kwa dada. Anaishi nyumba ya mama bado, na kitanda cha mama bado kipo, kimetandikwa. Nilimkuta anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Nikachukua shuka upande wa pili, tukaikunja pamoja.

"Una sura ya mtu aliyeiba," akasema.

"Dada, nikuulize kitu. Ile harufu ya kidonda cha mama. Wewe uliivumiliaje?"

Akasimamisha mikono. "Nani kakwambia niliivumilia?"

"Ulikuwa unamsafisha mara mbili kwa siku. Sikukuona unaziba pua hata siku moja."

"Kwa sababu hukuwepo, mdogo wangu." Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilikuwa namfungua bandeji, nikimaliza namwambia, mama, naenda kumwaga maji. Naenda chooni natapika mpaka nyongo. Nasukutua, narudi. Kila siku, mara mbili. Ulidhani mimi pua yangu ni ya mbao?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ulitapika ukaenda kazini. Mimi nilitapika nikarudi. Basi. Kila mtu na yake." Akachukua shuka mkononi mwangu, akaiweka juu ya nyingine. "Yeye mwenyewe aliniambia nisikulaumu. Alisema, huyo tangu mdogo hata uji wenye utando alikuwa hanywi. Haya, niambie ulichoiba."

Nikamwambia yote: kichupa, daftari, 204, kikao cha Alhamisi. Dada alisoma mpaka darasa la saba lakini hakuniuliza swali hata moja la kijinga. Aliuliza moja tu: "Hiyo dawa ikipita, nani atakuwa wa kwanza kupakwa?"

"Mtu aliye kama mama."

"Na haitamsaidia."

"Sijui. Ndiyo maana inabidi nikifungue."

"La kuvunda halina ubani, mdogo wangu," akasema. "Fungua."

Jumanne asubuhi nikakitoa kichupa cha pili. Kilichukua muda mfupi sana kuyeyuka mkononi mwangu, hata nikakasirika. Nilikuwa nimekiogopa mwaka mzima na kumbe ni tone. Nikagusa kwa kitanzi, nikachora kwenye sahani, nikaifungia kwenye kabati la joto. Jumatano nilifika kabla ya wote. Nilisimama mbele ya mlango wa kabati dakika nzima kabla ya kuuvuta.

Kijani. Imeenea sahani yote, inang'aa, imejaa ute mzito uliovutika kwenye kitanzi nilipogusa, kama mlenda. Na harufu ikatoka, na nikawa wodini tena, leso mkononi, mama ananitazama. Nikaenda chooni nikatapika. Nikasukutua. Nikarudi. Nikatia bakteria wale kwenye supu mpya, nikaipanga mirija ya glasi: huu na 204, huu na 188, huu bila kitu. Mshona Shanga alikuwa anapita huku anapiga mluzi, anaandaa picha zake za kikao, na kila mluzi wake ulikuwa unanichoma.

Alhamisi asubuhi nikaitoa mirija kwenye mwanga. Ule usio na kitu: ukungu wa kijani. Wa 204: ukungu wa kijani uleule, mzito, hakuna tofauti hata kidogo, kijana wa kazi alikuwa hajafanya kitu. Wa 188 ulikuwa safi. Niliutikisa, nikauinua tena. Safi kama maji ya kunywa. Mzee wa ofisini alikuwa ameingia, amening'iniza koti, na usiku mzima amefanya kazi.

Sikusubiri saa nane. Niliingia ofisini kwa Profesa saa tatu, na Mshona Shanga alikuwemo humo humo, wanapitia picha. Nikaweka mirija mezani. Nikaweka na daftari la mbegu, limefunguliwa.

"Mistari hii kumi na mbili ni uongo," nikasema. "Sikurudi kwenye friza hata mara moja. Kumi na Saba mliyemwona anakufa ni bakteria wa supu. Huyu hapa ndiye wa kweli, na 204 haimgusi."

Mshona Shanga alicheka kwanza, kicheko cha mtu anayesubiri mzaha uishe. Kisha akauona mrija. "Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima, Pua! Nimebadilisha shanga mia mbili nikikufuata wewe! Kila nilichochagua nilichagua kwa sababu ulisema kimemuua!"

"Ndiyo."

"Ndiyo? Unasema ndiyo tu?"

"Unataka niseme nini? Ningekuwa wewe ningenitemea mate."

Profesa hakupandisha sauti. Alivua miwani, akauchukua mrija wa 188, akautazama muda mrefu. "Mbona hukurudi kwenye friza? Wewe si mvivu."

Hapo ndipo nilipotaka kudanganya tena, na ulimi ulikuwa tayari. "Kumi na Saba alitoka kwa mama yangu," nikasema. "Kilikuwa kimebaki kichupa kimoja. Na nilikuwa naogopa harufu."

Profesa akasimama. "Nionyeshe," akasema.

Tukaenda watatu mpaka kwenye kabati la joto. Nikavuta mlango. Mshona Shanga alitoa sauti, akarudi hatua tatu, akavuta shati lake mpaka machoni. Profesa, ambaye ameshika vijidudu miaka thelathini, aligeuza uso na kuweka kiganja puani.

Mimi nilibaki palepale na mikono yangu chini. Nilivuta pumzi kwa pua, mpaka ndani. Ilikuwa inanuka vibaya mno. Machozi yalikuwa yananitoka, na nilikuwa na kinyaa kama siku ile, wala hakikupungua hata chembe. Nikavuta pumzi ya pili.

Kikao cha saa nane kilifanyika, na 204 iliwekwa kando. Mshona Shanga hakunisemesha kwa wiki sita, na siku aliponisemesha ilikuwa kuniletea uzi namba 231, mtoto wa 188. Kwenye daftari sitii tena sahihi peke yangu. Kila mstari lazima mtu mwingine aone na kusaini, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, na nimestahili. Lile tone la mama nililiotesha nikaligawa kwenye vichupa arobaini, nikavipanga friza kwa mkono wangu, kila kimoja na namba yake.

Kila baada ya wiki tano nafungua kichupa kipya. Natapika, nasukutua, narudi.